Safari ya kuaga na mbwa wenu: ifanyeni Julai, si Septemba

Swali la leo limetoka kwa msomaji wa Moshi. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mimi ni nesi, nimepata kazi Ujerumani na mkataba unaanza tarehe 1 Oktoba. Mimi na mume wangu tuna mbwa wawili ambao hatutaki kuwaacha: Kahawa, jike wa kienyeji wa miaka tisa, na Popi, dume wa mwaka mmoja na nusu, chotara wa German Shepherd. Wote wawili walichanjwa kichaa cha mbwa Januari mwaka huu, na kadi tunazo. Kabla ya kuondoka tunataka kuzunguka nao kwa gari letu wiki mbili za kwanza za Septemba. Tutaanza Arusha na Tarangire, kisha turudi tushuke Lushoto kuaga wazazi wa mume wangu, tumalizie baharini Pangani. Ndugu wanasema tumerukwa na akili. Je, inawezekana? Tuandae nini?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi. Hamjarukwa na akili. Mbwa aliyekulindia mlango miaka tisa hagawiwi kama kabati siku ya kuhama. Kuzunguka nao kunawezekana, na kuwapeleka Ujerumani kunawezekana. Tatizo ni ratiba. Nikikutajia tu vitu vya kupakia kwenye gari, nitakuwa nimewasindikiza kwenye shimo. Kwa hiyo tuanze na karatasi, barabara itafuata.

Zile kadi za Januari zihifadhini, ila kwa safari ya Ulaya chanjo zile hazihesabiki. Dawa haikuwa na kosa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka mbwa awekewe kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15 inayosomeka kwa viwango vya ISO 11784 na 11785, ndipo achanjwe kichaa. Chanjo iliyotangulia chipu ni chanjo ya mbwa asiyejulikana. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba aliyechomwa sindano Januari ndiye huyu aliye mbele yake leo. Nimewahi kupokea familia iliyogundua jambo hili siku nane kabla ya ndege. Mbwa wao alichanjwa Jumatatu, chipu akawekewa Jumatano ya wiki ileile. Siku mbili tu, na mbwa akabaki kwa bibi Machame. Tangu hapo kila anayeniambia neno "kuhama" namuuliza chipu kabla sijamuuliza kitu kingine.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo baada ya chipu na chanjo kuna hatua nyingine: angalau siku 30 tangu kuchanjwa, mbwa anatolewa damu, na damu hiyo inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya kupima kama kinga imefika walau uniti 0.5 kwa mililita. Ikifika, mnasubiri miezi mitatu ikihesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Baada ya hapo daktari wa mifugo wa serikali anaandika cheti cha afya, na mbwa lazima awe ameingia Ulaya ndani ya siku 10 tangu cheti kuandikwa.

Sasa hesabu nami. Tuko wiki ya mwisho ya Aprili. Chipu na chanjo zikifanyika tarehe 4 Mei, damu inatolewa tarehe 5 Juni. Miezi mitatu inatimia tarehe 5 Septemba. Cheti na ndege vinaangukia katikati ya Septemba, wewe unaanza kazi 1 Oktoba. Inatosha, lakini imebana kama kiatu kipya. Ukichelewesha chanjo hadi mwisho wa Mei, mbwa hawataweza kuondoka kabla ya Oktoba.

Nataka pia mjiandae kwa kipimo kugoma. Popi ni kijana, na mbwa aliyechanjwa mara chache anaweza kukosa kufikia ile 0.5 mara ya kwanza. Hapo atachanjwa tena, atasubiri tena, na miezi mitatu itaanza kuhesabiwa upya. Kwa sababu hiyo nashauri karatasi za mbwa wote wawili ziandikwe kwa jina la mume wako. Sheria inataka mbwa na mwenye mbwa wasipishane zaidi ya siku tano katika kusafiri. Wakipishana zaidi, mbwa anahesabiwa kama bidhaa ya biashara na masharti yanakuwa magumu zaidi. Wewe mkataba unakuvuta Oktoba. Mume akiweza kubaki wiki kadhaa, mbwa watabaki na mwenyewe.

Sasa turudi kwenye Septemba yenu. Mnataka kuwazungusha mbwa porini na pwani katika siku zilezile ambazo daktari wa serikali anatakiwa kuwapima na kusema kwamba wana afya njema. Kupe akimng'ata mbwa leo, homa haiji leo. Magonjwa ya damu yanayoletwa na kupe huchukua kama wiki moja hadi tatu kujitokeza. Mbwa anayeng'atwa Pangani tarehe 8 Septemba anaweza kuonekana mzima tarehe 12, akaanza kukataa chakula tarehe 18, akakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi siku ya kupanda ndege. Hamtapata muda wa kumtibu, na mbwa mwenye homa si wa kupandishwa ndege.

Safari ifanyeni Julai. Damu itakuwa imeshatolewa, mnasubiri tu miezi ipite. Masika yameisha, barabara ya Lushoto imekauka, upepo wa kusi unapoza pwani, na Moshi yenyewe iko kwenye baridi yake. Mkirudi mwishoni mwa Julai mtakuwa na wiki sita za kuwaangalia na kuwatibu kama kuna kilichowaingia. Wiki ya mwisho ya Agosti muwalete wapimwe damu kutafuta vijidudu vya kupe, hata kama wanacheza uwanjani.

Tarangire iondoeni kabisa. Najua utasema mtawafungia ndani ya gari na hawatagusa ardhi. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wa nyumbani kuingia, ndani ya gari au nje, na askari wa getini anayekurudisha anafanya kazi yake. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaoitwa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijijini kando ya hifadhi. Karibu na kwenu zaidi, huko Mkomazi, ambako mtapita jirani mkifika Same, kulikuwa na mbwa mwitu waliokuwa wakizalishwa kwenye vizimba ili warudishwe porini. Mwishoni mwa 2000 na mwanzoni mwa 2001 distempa iliwapiga, wakafa zaidi ya 40, karibu wote waliokuwapo. Huwa nawaza sana habari hiyo ninapomchanja mbwa wa kawaida tu wa mtaani Majengo. Popi na Kahawa wapewe chanjo ya distempa pia, pamoja na ya kichaa.

Na Tarangire kuna mbung'o, nzi wanaoeneza ugonjwa wa nagana. Ng'ombe wakipata nagana kila mfugaji anaijua, lakini watu wengi hawajui kwamba mbwa huugua nagana vibaya kuliko ng'ombe. Mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea, kwa hiyo gari lenu lenyewe ndilo litakalomwita, naye ataingia dirishani. Mbwa aliyeambukizwa hupata homa, tezi za shingo huvimba, na mara nyingi jicho hufunikwa na ukungu wa samawati kama glasi iliyopumuliwa. Asipotibiwa mapema hufa ndani ya wiki chache. Dawa ipo, lakini dozi yake kwa mbwa ina nafasi ndogo sana kati ya kuponya na kudhuru, kwa hiyo asipewe kwa kukisia na mtu aliyezoea ng'ombe. Kwa sababu hiyohiyo mkifika Pangani msiendelee kusini kuingia Saadani. Ni hifadhi ya taifa nayo, na mbung'o wako huko pia.

Arusha yenyewe nendeni kama mna ndugu wa kuaga. Ni kilomita 80 hivi, asubuhi na kurudi. Itumieni kama jaribio la kwanza la Popi ndani ya gari.

Kipande cha Moshi hadi Lushoto ndicho kinachonipa wasiwasi zaidi, na ni kwa sababu ya joto. Ukishaiacha Himo na Mwanga, nchi inakauka: Same, Hedaru, hadi Mombo penye mashamba ya katani, tambarare yenye jua kali hata Julai mchana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kutweta, yaani maji ya ulimi na koo yanageuka mvuke na kuondoka na joto. Gari lililosimama juani linamnyima hata hilo. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa joto hufika kama 34 kwa dakika kumi, na hupita 40 kwa nusu saa. Kuacha dirisha wazi kidole kimoja hakusaidii kitu. Kwa hiyo mkisimama Same kula nyama, mmoja wenu anabaki na mbwa chini ya mwarobaini. Wasiachwe garini, hata "dakika mbili tu za kulipa".

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, ubongo na figo vinaanza kuumia. Utamwona anatweta bila kupumzika, ute unakuwa mzito kama gundi, fizi zinakuwa nyekundu sana, kisha anayumba. Mpelekeni kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mmpepee kwa nguvu, na mwendelee kummwagia. Msimfunike kwa taulo lililoloa mkaliacha juu yake. Likishapata joto linamfunika kama blanketi. Anywe kidogokidogo kama ana fahamu, kisha apelekwe kwa daktari hata akionekana amepona.

Ondokeni Moshi saa kumi na moja alfajiri. Mtakuwa Mombo kabla jua halijawa kali, na kutoka pale mnapanda milimani kupitia Soni. Kilomita 33 hivi, lakini ni kona juu ya kona, na hapo ndipo mbwa hutapika. Ishara ya kwanza ni udenda na kupiga miayo. Wapeni chakula jioni ya kuamkia safari, asubuhi maji tu, watakula mkifika. Mkiona bado Popi anatapika hata kwenda Arusha, nipeni taarifa tupange dawa. Msimpe ya kwenu. Na kwa kuwa wewe ni nesi na begi lako halikosi vidonge, niseme wazi: parasetamo, ibuprofeni na diklofenaki si za mbwa. Kidonge kinachokutuliza kichwa kinaweza kumtoboa tumbo au kumharibu ini na figo.

Mbwa wasafiri ndani ya vizimba vilivyofungwa imara nyuma ya gari, au wafungwe mkanda wa kifuani ulioshikamana na mkanda wa kiti. Mkanda wa shingoni usifungwe kwenye kiti, ukishika breki unamnyonga. Kila mmoja awe na kola yenye namba zenu za simu. Mbwa aliyepotea ugenini bila kola anahesabiwa koko, na halmashauri ikitangaza zoezi la kupunguza mbwa wazururaji hakuna atakayeuliza ni wa nani. Kabla ya kuondoka pitieni ofisi ya mifugo ya halmashauri mchukue kibali cha kusafirisha wanyama, mkiweke pamoja na kadi za chanjo. Chakula bebeni kilekile wanachokula nyumbani, kama ni dona na dagaa basi dona na dagaa. Maji ni kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mbwa kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Popi akiwa na kilo 30 anahitaji karibu lita mbili peke yake.

Lushoto watapumzika vizuri, ni juu na kuna baridi. Kahawa alazwe ndani, juu ya gunia au blanketi, maana mzee wa miaka tisa viungo vyake havipendi sakafu ya saruji usiku wa Julai. Kaguaneni miguu, na yao mwikague katikati ya vidole kutafuta funza.

Kuhusu kupe, wekeni dawa ya kuzuia siku chache kabla ya kuondoka, kisha kila jioni pitisheni vidole ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani na katikati ya vidole. Vijidudu vingi vya kupe huchukua saa nyingi kuhamia mwilini mwa mbwa, hivyo kupe aliyetolewa jioni ileile mara nyingi hajafanya madhara. Msiwaogeshe dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia kipimo. Na mtu asije akamchoma Popi sindano ya aivamektini ya ng'ombe akisema inamaliza kila kitu: baadhi ya mbwa wenye damu ya German Shepherd wana urithi unaoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na kwa dozi hizo za kukisia huanguka wakapoteza fahamu.

Pangani kuna mambo mawili. La kwanza ni unyevu. Hewa ya pwani imejaa maji, kutweta hakufanyi kazi vizuri kama Moshi, hivyo Kahawa atembezwe alfajiri na jioni tu. Ufukweni wapeni maji ya kunywa kabla hawajayajaribu ya chumvi, na mtoni wasikaribie kabisa. Mto Pangani una mamba.

La pili ni watu. Mnaingia kwenye miji ya Waislamu, na kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na nguo ya mtu iliyoguswa na ulimi wa Popi inamrudisha nyumbani kabla ya swala. Pigeni simu kwenye gesti mapema, semeni wazi mna mbwa wawili, wala msiwafiche kwenye buti. Bebeni bakuli na mikeka yenu, msiombe sufuria ya mwenye nyumba. Ufukweni washikeni kamba hata kama ni kweupe kabisa, na mbali na misikiti saa za swala. Watu wa Pangani ni wapole sana kwa mgeni anayeheshimu. Nimelala huko na mbwa wangu mara tatu, na mara zote mwenyeji aliniwekea ndoo ya maji ya mbwa nje ya mlango bila kuombwa.

Nimebakisha Kahawa, kwa sababu hili ni gumu. Kabla hatujamwekea chipu nataka kumpima moyo na figo. Ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Ulaya ni safari ya saa nyingi, na mbwa mkubwa husafiri sehemu ya mizigo, ndani ya kizimba, bila kuwaona, na bila dawa ya usingizi. Mashirika mengi ya ndege hayampokei mbwa aliyelewa dawa, nami siitoi, kwa kuwa inashusha presha na kumfanya ashindwe kujishikilia kizimba kikiyumba. Kijana kama Popi atabweka, atachoka, atalala. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza asiamke.

Safari ya Julai itatuonyesha mengi. Akivumilia saa nne ndani ya kizimba toka Moshi hadi Lushoto akiwa ametulia, akala jioni, akalala, nami nikakuta moyo uko sawa, nitawaunga mkono mwende naye. Akitetemeka njia nzima, akakataa chakula siku mbili, basi mkirudi tuzungumze juu ya kumwacha kwa mtu anayemjua na ua anaoujua. Kama mna mama au shangazi Marangu ambaye Kahawa humtikisia mkia, mkamtembelee naye mara kadhaa kuanzia sasa, ili siku hiyo ikifika nyumba isiwe ngeni. Uamuzi huo msiufanye usiku wa kupakia mabegi, machozi yakiwa karibu.

Ujerumani mbwa hulipiwa kodi kila mwaka kwa halmashauri ya mji, na miji mingi hutoza mbwa wa pili zaidi ya wa kwanza; liwekeni kwenye bajeti. Kuna aina chache za mbwa wa mapigano zisizoruhusiwa kuingizwa nchini humo, lakini wenu hawamo.

Njooni tarehe 4 Mei asubuhi, mbwa wote wawili, na kadi zile za Januari. Lakini vizimba nunueni au chongesheni wiki hii, vya kumwezesha mbwa kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kujinyoosha. Cha Kahawa kiwekeni sebuleni mlango ukiwa wazi, na ndani yake mtandike lile blanketi lake la zamani, bila kulifua.